Tulipolima Matuta Ziwani

Nina cheti kinachosema nimehitimu mafunzo ya kurudisha mikoko na makazi ya viumbe wa pwani. Kina muhuri, kina sahihi mbili, na jina langu limepigwa taipu bila kosa hata moja. Mkoko wenyewe sijawahi kuuona. Nimeuona kwenye picha tu, tena picha ya fotokopi, mti mweusi uliosimamia mizizi yake juu ya matope kama kaa aliyeshtuka. Watu wakija kwangu hapa Ikola, wakakisoma ukutani, wanacheka. Nawaacha wacheke kwanza. Halafu nawaambia wakae niwaeleze.

Mwaka ule nilikuwa na mtoto wa miezi saba, na cheti changu cha kidato cha nne kilikaa sandukuni chini ya nepi. Baba wa mtoto alikuwa amepanda treni kwenda Tabora kutafuta kazi, na barua zake zilikuwa fupi kuliko anwani. Nilikaa Mpanda mjini, Kashaulili, kwa dada yangu. Asubuhi niliuza chapati, mchana niligombana na yeyote aliyesimama karibu. Wavulana niliosoma nao walishapata kazi, mmoja karani, mmoja ghala la tumbaku, mmoja sijui anafanya nini lakini anavaa tai. Mimi kila ofisi niliyoingia walimtazama mtoto mgongoni kabla hawajanitazama usoni, na wakishamtazama mtoto, usoni hawafiki.

Tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi moja ya serikali. Mafunzo ya wiki sita, Ikola, kando ya Ziwa Tanganyika, ya kurudisha matete na mazalia ya samaki yaliyoharibiwa. Anatakiwa aliyemaliza sekondari au mkulima mzoefu. Watakaofaulu watapangiwa kazi ya usimamizi wa ufukwe, kila kijiji mtu mmoja.

Dada alilisoma akaguna. "Wewe maji unayoyajua ni ya kwenye ndoo."

"Na ya majarubani?"

Sisi tumezaliwa Usevya, kwenye mpunga. Miguu yetu ilijua matope kabla haijajua viatu.

Mratibu wa mafunzo alikuwa bwana mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni. Alisoma cheti changu, akarudisha macho nyuma ya bega langu.

"Mama, kule tunafundisha watu wazima."

"Mimi nina miaka ishirini na miwili."

"Sikusemi wewe." Akachomoa kalamu moja, akamwonyesha mtoto.

"Tangazo halijasema asije."

Aliinuka, akatoka nje, akalisoma tangazo lake mwenyewe mpaka chini. Akarudi juu, akalisoma tena. Halikusema. Akaingia, akakaa, akaandika jina langu mwisho wa orodha kwa kalamu, chini ya majina yaliyopigwa taipu.

"Utakuja. Ila kila mtu atapewa kipande chake cha ufukwe. Siku ya mwisho nakikagua mimi. Matete yakiwa hayajashika, cheti hakuna, na kazi hakuna. Na mtoto akilia darasani, unatoka."

Nilisema sawa. Niliisema vibaya, kwa mdomo uliobana, lakini niliisema. Nilikitaka kile cheti kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote cha karatasi.

Ikola tulilala madarasani, shule ilikuwa likizo. Tulikuwa kumi na wanne, mwanamke mimi peke yangu, nikapewa stoo ya majembe, ambayo kwa kweli ndiyo ilikuwa chumba kizuri kuliko vyote. Wenzangu wengi walikuwa wakulima. Aliyeheshimiwa zaidi alikuwa baba mmoja wa Katumba, mkulima wa tumbaku, mtu wa maneno machache na mikono inayofanya kazi hata akiwa amekaa. Mwingine alikuwa Msukuma mfugaji, mrefu, ambaye familia yake ilishuka na ng'ombe miaka michache nyuma. Alikuja na fimbo yake ya kuchungia na hakuiacha hata darasani. Mwalimu wetu alitakiwa kutoka Tanga, lakini treni yake ilikwama njiani. Basi mratibu akafungua faili, akatoa ratiba, akasema hatupotezi siku.

Ratiba ilisema: siku ya kwanza, saa nne asubuhi, washiriki washuke ufukweni maji yakishakupwa.

Tukashuka. Ziwa lilikuwa limejaa mpaka pale linapojaa siku zote. Mratibu akatazama saa, akatazama maji, akasema tukae tusubiri yapwe. Tukakaa. Hakuna aliyeuliza kitu. Ratiba ilikuwa imepigwa taipu, na ilikuwa na muhuri.

Msukuma akanisogelea taratibu. "Dada, wewe umesoma. Tunasubiri nini?"

"Maji yaondoke kidogo. Halafu yatarudi."

Akafikiri. "Yanachungwa na nani?"

Nilibana kicheko mpaka mtoto akatikisika mgongoni. Tulikaa hadi saa sita. Mama mmoja wa pale kijijini, aliyekuwa anaosha sufuria huku bata wake wakizunguka, alivumilia akashindwa.

"Nyie wageni, mnasubiri meli?"

"Tunasubiri maji yaondoke," mratibu akamjibu.

Yule mama akalitazama ziwa lote, kutoka kulia hadi kushoto. Akatutazama sisi. "Basi mna kazi," akasema, akarudia sufuria zake.

Hapo mratibu akaona aibu, akasema tuanze kupanda hivyo hivyo. Matete yalikuwa yameshaletwa, mafungu mafungu, yamechimbwa mdomoni mwa mto. Lakini kupanda vipi ndani ya maji, ratiba haikusema. Kila mtu akamgeukia baba wa Katumba. Yeye akaingia majini mpaka magotini, akapapasa chini kwa mguu, akatoka, akaomba jembe.

"Kitu hakipandwi bila tuta," akasema.

Na ni kweli. Huku kwetu mahindi tuta, tumbaku tuta, viazi tuta, karanga tuta. Mtu akipanda sesa, bila tuta, watu wanauliza kama anaumwa. Basi tukavua viatu, tukakunja suruali na kanga, watu kumi na wanne wazima na majembe, tukaanza kulima matuta ndani ya Ziwa Tanganyika. Tukafunga kamba yanyooke. Tope likapanda, maji yakawa kama chai ya maziwa, baba wa Katumba akapita nyuma akirekebisha kingo kwa kiganja, akiwakaripia waliopindisha. Mwisho tukasuuza mizizi ya matete, tukayapanda. Nimelima mashamba mengi, sijaona kazi iliyofanywa kwa bidii vile.

Na mimi nililima. Hili ndilo ninaloona haya mpaka leo. Mimi niliyekulia majarubani nilijua kabisa kwamba tope la chini ya maji halichimbuliwi siku ya kupanda, ukilichimbua linakuwa uji. Nilijua, nikanyamaza, nikainua jembe. Mratibu alikuwa amesimama ukingoni ananitazama, nikaona nikifungua mdomo siku ya kwanza atapata sababu.

Mchana upepo ukaja. Huku wakati wa kiangazi huja kila mchana, wenyeji wanaujua kama wanavyojua saa ya kula. Mawimbi mawili, matatu, ya kumi. Matuta yakalainika, yakalala, yakaisha. Jioni matete yetu yote yalikuwa yamerudi nchi kavu yamejipanga ufukweni, na yule mama wa bata alikuwa anayaokota.

"Asanteni," akatuambia. "Nilikuwa nahitaji ya kujengea uzio."

Mwalimu alifika kesho yake juu ya lori la chumvi. Mama wa makamo, mweupe kwa vumbi, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, chini amevaa mabuti ya mpira. Hakupumzika. Alishuka moja kwa moja ufukweni, sisi nyuma yake, akasimama juu ya ile michirizi ya mwisho iliyokuwa bado inaonekana majini, imenyooka kama mistari ya daftari.

"Hii ni kitu gani?"

Mratibu akakohoa. "Matuta," akasema.

"Matuta."

"Ndiyo, mwalimu."

Alikaa chini mchangani. Nilidhani anaumwa. Kumbe anacheka. Alicheka bila sauti, mabega tu, mpaka akavua miwani. Akacheka baba wa Katumba, ambaye sikuwa nimemwona hata akitabasamu, na mratibu naye mwisho akashindwa, akageuka upande ili tusione.

"Wenzangu," mwalimu akasema alipopata pumzi, "hiyo ratiba ni ya baharini. Kule maji yanakupwa, unapanda mikoko kwenye tope lililo wazi. Nimefundisha mikoko mpaka nimezeeka. Ziwa lenu silijui. Mimi najua mmea unavyoshika tope, na samaki anavyotafuta pa kulelea. Yaliyobaki mtanifundisha nyinyi."

Alitamka "nyinyi" silabi zote mbili, kipwani, siyo "nyie" yetu, na Msukuma akawa anairudia pembeni kama wimbo.

Mafunzo yenyewe yalikuwa matamu. Sikutegemea. Nilidhani nitavumilia wiki sita, kumbe nilikuwa naamka kabla ya jogoo. Tulijifunza kwa nini samaki walipungua: matete yalikatwa na kuchomwa ili watu wapate pa kulima, kilichobaki kikakokotwa na nyavu za ufukweni. Tukapiga mbizi karibu na miamba, wasiojua kuogelea tukishika kamba, tukaona samaki kuhe, dume na jike, wanalinda mayai yao kwenye shimo walilolifagia wenyewe mchangani. Msukuma alitoka majini akasema hao ni watu, amewaona wanapokezana zamu.

Wiki ya pili, darasani, mwalimu alieleza habari za samaki aitwaye ngege. Jike akitaga huyaokota mayai yake, akayaweka mdomoni. Humo yanaanguliwa. Hali chakula sawasawa siku hizo zote, anazunguka na kazi zake mdomo umejaa. Wakikua kidogo anawatema kwenye vivuli vya matete, hatari ikija wanakimbilia mdomoni tena. "Sasa pasipo na matete," akasema, "huyu mama awateme wapi?"

Hapo ndipo mwanangu alipoanza kulia. Si kulia kwa kawaida, kulia kwa meno yanayoota. Mratibu, aliyekuwa amekaa mlangoni na faili lake, akachomoa kalamu akaonyesha nje.

Nikasimama. Nilikuwa nitoke kweli. Mdomo ukanitangulia.

"Bwana mratibu, huyo samaki wa mwalimu yuko kazini na watoto mdomoni na hakuna anayemtoa ziwani. Mimi wangu yuko mgongoni. Mdomo wangu uko wazi, naweza hata kujibu maswali."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Hata hakugeuka kutoka ubaoni.

"Jibu basi. Matuta yalibomoka kwa nini?"

Nikambembeleza mtoto kwa mkono mmoja, nikajibu. Nikasema tulilichimbua tope likakosa nguvu. Nikasema tulisuuza mizizi ikabaki uchi, wakati mche wa mpunga unang'olewa na tope lake, unapandikizwa na tope lake, halafu unakandamizwa kwa kisigino, siyo kwa mkono, mkono ni mwepesi. Na unapanda ukirudi nyuma, usikanyage ulichopanda.

Mwalimu akageuka. "Ulikuwepo siku ile?"

"Nilikuwepo."

"Mbona hukusema?"

Nilitafuta uongo nikaukosa. "Niliogopa."

"Wewe?" Msukuma akauliza kutoka nyuma. Darasa likafa tena kwa kicheko, na mtoto, kwa kushangaa kelele zile, akanyamaza. Kalamu ya mratibu ikarudi mfukoni. Haikutoka tena kwa ajili hiyo.

Vipande viligawiwa kwa kufuata orodha, na mimi kwa kuwa niliandikwa mwisho nilipata cha mwisho, karibu na mahali ng'ombe wanaponywea. Nilinung'unika, nikaambiwa orodha ni orodha. Basi nikapanda. Asubuhi ziwa linatulia kabisa, maji yanaonekana mpaka chini, na kazi inakwenda kwa mstari mmoja watu wote, tunarudi nyuma tukikandamiza visigino. Nilisimamia mstari mimi. Baba wa Katumba alikuja akanitazama mguu, siyo uso, kwa muda mrefu. Kisha akajaribu, akaomba nimwonyeshe tena. Yeye naye akaanzisha kitalu ukingoni, kama kile cha tumbaku, kilichofunikwa nyasi, akaotesha vipandikizi vifupi vya matete kujazia mapengo. Mtoto nilimkalisha ndani ya beseni mchangani, chini ya kivuli cha kanga, na kila aliyepita alimpa kitu cha kuchezea, hivyo jioni nilirudi stoo na beseni lenye makombe ya konokono, kizibo, na mara moja fimbo ya kuchungia.

Wiki ya nne machipukizi yalikuwa yamefika kiunoni. Asubuhi moja nikashuka, nikakuta kipande changu hakipo. Kimekatwa usawa wa maji, pote. Kwato kila mahali.

Sikulia. Nilitukana. Nilitukana ng'ombe, wenye ng'ombe, orodha, mratibu, na Msukuma alipokuja akakuta zamu yake imefika.

"Ng'ombe zenu. Mmezileta huku zimekula msitu, zimekula mashamba, sasa mnazileta zinakula mpaka ziwa."

Yeye ng'ombe wake walikuwa mbali sana na pale, na nilijua. Hakuniambia hivyo. Alichuchumaa akazisoma zile kwato. "Mmoja anachechemea," akasema. "Jana waliswagwa wakiwa na kiu kali. Mayu, ng'ombe mwenye kiu hafukuzwi. Anaonyeshwa njia."

Mayu ni mama, kwa Kisukuma. Hakuna aliyekuwa ameniita hivyo mahali pale. Hasira ilinikaa mkononi kama kitu nilichosahau kukiweka chini.

Mwalimu alikuwa ameshaingia majini na mabuti yake. Akazamisha mkono mpaka begani, akapapasa, uso umegeukia juu kama mkunga. Nilisimama namtazama. Zilikuwa zimebaki wiki mbili. Kama mizizi imeng'oka, narudi kwenye chapati.

"Ipo," akasema. "Yote. Wamekula majani tu. Ungekuwa umepanda kwa tuta leo tungekuwa tunakupa pole."

Siku ile ile Msukuma alikwenda kuongea na wafugaji wa karibu, akarudi nao watatu. Wakakata miiba, wakajenga kuta mbili kutoka ukingoni mpaka ndani ya maji, kama zile wanazojenga kuingizia ng'ombe kwenye josho. Ng'ombe wakawa wanashuka katikati, wanakunywa, wanapanda, kando yao matete yamekaa salama. Nilimwomba radhi wakati tunafunga miiba ya mwisho. Akasema nimshikie kamba.

Machipukizi yalirudi mengi kuliko ya kwanza. Kila shina lililoliwa lilitoa mawili.

Siku ya ukaguzi mratibu alikuja na mabuti mapya na faili. Alianza kipande cha kwanza, akawa anavuta shina hapa na shina pale. Likitoka, anaandika. Yalitoka machache. Sisi tulisimama ukingoni, nimempakata mtoto, nahesabu mashina yanayotoka. Alipofika kwangu alivuta la kwanza. Halikutoka. Akavuta la pili, la tatu. Akaweka faili kwapani, akashika la nne kwa mikono miwili.

"Bwana," mwalimu akamwita, "unapima au unang'oa?"

Akaliachia. Akataka kupiga hatua, akatazama chini, mguu ukabaki hewani.

"Kuna vitu hapa," akasema.

Walikuwa samaki wadogo, wadogo kama punje za mpunga, kundi zima limezunguka mguu wake uliobaki chini. Pembeni alikuwepo mama yao, ngege, anamtazama. Mratibu alisimama kwa mguu mmoja na mabuti yake mapya, asijue pa kuuweka wa pili. Sote tuliingia majini polepole kuja kuona. Mtoto peke yake alikuwa anapiga kelele za furaha na kutaka kurukia.

"Nipite wapi?" mratibu akaniuliza. Aliniuliza mimi.

"Usipite. Tulia hapo hapo kwanza."

Akatulia. Tukamwangalia yule mama anafungua mdomo, na wale wadogo wanaingia, wote, wanajaa, anafunga. Akaondoka nao ndani ya matete yangu. Ndipo nikamwambia mratibu ashushe mguu.

Vyeti vilikuwa vimeshapigwa taipu huko vilikotoka, vyote vimeandikwa mikoko. Mratibu alitaka virudishwe vikasahihishwe. Nikamwambia hiki changu hakirudi popote, atie sahihi. Akatia. Kwenye orodha ya kazi, mbele ya kijiji cha Ikola, akaandika jina langu kwa kalamu, safari hii la kwanza.

Baba wa mtoto alipopata habari aliandika barua ndefu, kurasa mbili, akiuliza kazi yenyewe ikoje na kama anaweza kurudi. Nilimjibu kwa maneno machache kuliko anwani yake.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Jioni ile ya vyeti nilishuka na mtoto mgongoni kukiangalia kipande changu. Yule mama wa bata alikuwepo, na kisu mkononi, anayatazama matete yangu kwa macho ya mtu mwenye uzio wa kumalizia.

"Vipi," akaniuliza, "maji yameondoka?"

"Bado. Tunasubiri."

Akacheka mpaka bata wakatawanyika. Nikamsubiri amalize.

"Na hayo matete hayakatwi tena, mama."

"Nani kasema?"

"Msimamizi wa ufukwe."

"Yuko wapi?"

"Unaongea naye."

Alinitazama kuanzia juu, kanga imelowa, mtoto ana kamasi, miguu matope mpaka magotini. Akachomeka kisu kiunoni.

"Haya, msimamizi," akasema. "Basi nisaidie kuwarudisha hawa bata."